Heshima ya Mwalimu wa Wahandisi

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani. Nilipomwuliza niandike historia ya nini, alinijibu niandike jambo ninalokutana nalo kazini, na ambalo vijana walioko shuleni sasa watalikuta mbele yao. Nimechagua jambo hili: jinsi wanavyotambuliwa, au wasivyotambuliwa, watu wanaofundisha na kufanya utafiti wa uhandisi na teknolojia katika vyuo vikuu vyetu.

Mimi si mhandisi. Nilipotoka hapa na mchepuo wangu wa HGL nilikwenda Mlimani, nikasomea utawala, na kwa miaka karibu ishirini nimekuwa mtumishi wa Serikali. Kazi yangu kubwa ni mafaili ya watu: kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja, kustaafu. Mara kadhaa nimeketi katika kamati za vyuo nikiiwakilisha wizara. Anayeishi na mafaili muda mrefu hujifunza kwamba kile kisicho na nafasi kwenye fomu hakionekani, hata kikiwa na uzito wa tani mbili na kinapiga kelele.

Vijana wa leo huenda wasijue kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 hapakuwa na mahali hata pamoja nchini pa kusomea shahada ya uhandisi. Kijana aliyeutaka uhandisi alikwenda Nairobi, kwenye chuo ambacho kilifunguliwa mwaka 1956 kikiitwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Mwaka 1963 kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nchi zetu tatu ziligawana kazi: Makerere ilikuwa na utabibu na kilimo, Dar es Salaam ilikuwa na sheria, na uhandisi ukabaki Nairobi. Mwaka 1970 chuo hicho cha pamoja kilivunjwa na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Makerere wakafungua kitivo chao cha teknolojia mwaka huo huo. Sisi tulingoja hadi 1973, kilipofunguliwa Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Mwaka huo huo wa 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha SIDO, shirika la viwanda vidogo.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Sheria ya kuwasajili wahandisi ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1968, miaka mitano kabla ya nchi kuwa na mahali pa kuwafundishia. Sisi watu wa Serikali tuna tabia ya kununua daftari kwanza, mambo ya kuandika humo tutayatafuta baadaye. Hata hivyo siilaumu sheria ile. Iliweka msingi kwamba mtu haitwi mhandisi kwa kujipachika jina, bali kwa kupimwa na wenzake.

Kitivo kile cha 1973 kilikuwa na sifa moja ambayo wahitimu wake hawaachi kuitaja hata leo wakikutana: mafunzo ya vitendo. Likizo ilipofika, wanachuo hawakwenda nyumbani wote kula wali. Walipelekwa viwandani, kwenye mitambo ya umeme, kwenye ujenzi wa barabara na kwenye karakana, na walimu wao wakawafuata huko kuwakagua. Mwalimu wa uhandisi wa miaka ile alipaswa kujua kusimama ubaoni na pia kupanda gari la mizigo kwenda kumtazama mwanafunzi anayefungua pampu iliyoziba matope. Baadaye pakaanzishwa taasisi ndani ya Chuo Kikuu, iliyojulikana kwa herufi zake IPI, ya kubuni mitambo midogo ya uzalishaji mali. Mwaka 2001 taasisi hiyo na Kitivo viliunganishwa, kikazaliwa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa tuulize: walimu wale walitambuliwa na nani? Kwanza walitambuliwa na kazi yenyewe. Nchi ilikuwa na njaa ya wahandisi, na kila aliyehitimu alipokelewa na shirika la umeme, reli, maji au ujenzi. Mwalimu aliweza kuona matunda yake yakisimama kando ya barabara. Lakini heshima ya namna hiyo hailipi karo ya watoto. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, mshahara wa mhadhiri ukawa haumfikishi mbali, na wasomi wengi wa Kitanzania wakafunga mizigo kwenda kufundisha nchi za kusini, Botswana na jirani zake. Hakuna aliyewafukuza. Nchi nyingine iliwaonyesha thamani yao kwa lugha ambayo nchi yetu haikuweza kuisema wakati ule.

Nisije nikaeleweka kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Hata katika nchi tajiri mhandisi amechelewa sana kupewa kiti mezani. Alfred Nobel, aliyepata hataza ya baruti yake ya dainamaiti mwaka 1867, alikuwa mtu wa viwanda na mitambo. Lakini wosia wake ulitaja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, uhandisi haukutajwa. Tangu tuzo hizo zianze kutolewa mwaka 1901, mhandisi anayezipata kwa kawaida huingia kwa mlango wa fizikia au kemia. Mfano ninaoupenda ni wa Charles Kao. Mwaka 1966, akiwa mtafiti Uingereza, alionyesha kwamba nyuzi za kioo safi zinaweza kusafirisha mawasiliano mbali sana kwa njia ya mwanga. Tuzo ya Nobel ya fizikia aliipata mwaka 2009, miaka 43 baadaye, wakati tayari anaugua maradhi ya kusahau. Katikati ya miaka hiyo alikwenda Hong Kong mwaka 1970 akaanzisha idara ya elektroniki katika Chuo Kikuu cha Kichina cha huko, na kuanzia 1987 hadi 1996 akakiongoza chuo chenyewe. Tuzo ilitaja nyuzi za kioo. Idara na wanafunzi aliowalea havikutajwa, maana tuzo ile haina mahali pa kuvitaja.

Wamarekani waliona pengo hilo. Akademia yao ya Taifa ya Uhandisi ilianza kutoa Tuzo ya Draper mwaka 1989, ambapo waliotunukiwa kwanza walikuwa Jack Kilby na Robert Noyce, wavumbuzi wa saketi ndogo zinazoendesha kompyuta zote za leo. Lakini jambo linalonivutia mimi zaidi lilitokea mwaka 2002. Akademia ile ile ilianza kutoa tuzo nyingine, ya Gordon, kwa ajili ya ufundishaji wa uhandisi, yenye thamani ya dola 500,000, na wa kwanza kuipata alikuwa Eli Fromm wa Chuo Kikuu cha Drexel, aliyebadilisha namna ya kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nusu ya fedha ilikwenda kwa mwalimu na nusu kwa chuo ili kazi iendelee. Kwa mtu wa mafaili kama mimi, huo mgawanyo ndio uvumbuzi wenyewe. Wengi wetu tukimpa mtu cheti tunamwacha arudi kwenye karakana ile ile isiyo na misumari.

Nirudi Afrika Mashariki, kwa jirani zetu, ambako serikali zimejaribu kuwatambua wahandisi wa vyuo vikuu kwa njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama halitapendeza wala kwenda kasi. Walitengeneza. Mwaka 1990 magari ya kwanza, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yalionyeshwa hadharani kwa shangwe kubwa. Kisha ikaundwa kampuni ya kuyatengeneza kwa wingi, fedha hazikupatikana, na hakuna mwananchi aliyewahi kwenda dukani akanunua Pioneer. Watu hupenda kulicheka gari lile. Mimi silicheki. Wahandisi walifanya walichoagizwa. Kilichopungua ni kile ambacho makofi hayawezi kukifanya, yaani mtu wa kukaa chini na hesabu za kiwanda, vipuri na soko. Tofauti naiona Makerere. Mwaka 2011 walimu na wanachuo wa huko walitoa gari dogo la umeme la watu wawili, Kiira EV. Nalo lilishangiliwa, lakini safari hii baada ya shangwe ilijengwa kampuni, Kiira Motors, ambayo imeendelea hadi kwenye mabasi ya umeme.

Kutambua, kwa maoni yangu, si kupiga makofi. Ni kuchukua kazi ya mtu na kuipima kwa makini kama vile ni yako. Mfano bora tunao hapa hapa nyumbani, ingawa ni wa fizikia na si wa uhandisi, na kila mwanafunzi wa shule hii anapaswa kuujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu alipokuwa akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya ya mwenzake yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hadi alipokuwa Mkwawa, Iringa, na huko pia akachekwa. Siku moja akaja Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya wote. Osborne hakuliamini, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam alimwambia fundi wa maabara alijaribu kweli. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa Uingereza, na jina la mwanafunzi likatangulia la mhadhiri. Wanasayansi wangali wanabishana kama jambo lenyewe hutokea daima na kwa nini. Hilo halipunguzi kitu. Heshima aliyopewa Mpemba haikuwa kukubaliwa, ilikuwa kujaribiwa.

Kwa kipimo hicho, tukio kubwa la zama zetu katika uhandisi wa vyuo vya Tanzania ni la mwaka 2015. Dkt. Askwar Hilonga ni mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilayani Karatu. Alisoma Korea Kusini hadi shahada ya uzamivu katika teknolojia ya nano, yaani ufundi wa vitu vidogo vinavyopimwa kwa sehemu ya bilioni ya meta, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Aliyepita Meru na Arusha ameona watu wenye meno ya kahawia. Ni kazi ya floraidi iliyomo kwenye maji ya ukanda ule wa volkano, ambayo ikizidi sana huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya huko vinavyopita kiwango hicho mbali. Mchanga peke yake huchuja vijidudu na takataka, lakini haukamati floraidi. Hilonga aliunganisha chujio la mchanga la kawaida na vitu vya nano vinavyokamata uchafu ule hasa ulioko mahali husika, kwa kuwa maji ya Karatu si maji ya Geita. Tena hakuishia maabara. Chujio lilikodishwa kwa wafanya biashara wadogo, ambao nao huuza maji safi kwa majirani zao.

Mwaka huo wa 2015 Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilikuwa inatoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika, na mshindi wa kwanza akawa Hilonga, kwa pauni 25,000. Baada yake wamekuja wengine wa kwetu Afrika Mashariki: Brian Gitta wa Uganda mwaka 2018, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, wazo alilolianza akiwa mwanachuo Makerere, Norah Magero wa Kenya mwaka 2022, kwa jokofu la chanjo linalotumia nguvu ya jua, na Esther Kimani, naye wa Kenya, mwaka 2024, kwa kifaa kinachogundua wadudu na magonjwa shambani. Wanaoingia kwenye orodha ya mwisho hufundishwa na kuelekezwa kwa miezi kadhaa kabla ya mshindi kutajwa. Hata anayeshindwa anaondoka na kitu. Ninafurahi kwa ajili yao wote, lakini nina kijiba kimoja: imebidi tuzo itoke Uingereza ndipo sisi tujue kwamba karibu na Meru kuna mhadhiri anayesafisha maji.

Haki itendeke, Serikali yetu nayo haikulala. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kwamba mtafiti wa chuo kikuu cha Tanzania atakayechapisha kazi yake katika majarida yenye hadhi ya juu kabisa duniani atazawadiwa shilingi milioni 50. Ni jambo jema na nililishangilia. Lakini litazameni kwa jicho la mwalimu wa karakana. Kilichotuzwa ni makala. Kupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa nako kunategemea makala kuliko kitu kingine chochote. Ufundishaji hupimwa, ndiyo, wanachuo hujaza fomu za kumtathmini mwalimu. Lakini katika vikao nilivyoketi mimi sijaona mtu aliyepandishwa kwa sababu anafundisha vizuri kupita kiasi, wala aliyekwama kwa sababu anafundisha vibaya.

Nina rafiki tuliyesoma naye hapa, yeye akiwa PCM. Wa miaka yetu watamfahamu bila mimi kumtaja. Anafundisha uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja nchini, sitakisema ni kipi. Chuo hicho hakikuwa na fedha za kununua mtambo wa kufundishia nguvu za maji. Basi alikusanya vyuma chakavu, bomba na dinamo ya gari, akajenga turbini ndogo nyuma ya karakana. Wanafunzi wake huizungusha, huipima, huiharibu na huitengeneza tena. Baadhi yao leo wanaendesha mitambo midogo ya umeme wa maporomoko huko nyanda za juu za kusini. Miaka 14 ameitwa mhadhiri. Nilipomwomba aniruhusu kusoma nakala ya fomu yake ya maombi ya kupandishwa, niliikuta turbini kwenye ukurasa wa mwisho, mstari mmoja, chini ya kichwa kisemacho "Mengineyo". Mwaka uliopita alianza kuzungumza nami juu ya nafasi ya kazi nje ya nchi, na mimi, ambaye kwa cheo changu ningepaswa kumsihi abaki, sikupata la kumwambia isipokuwa asubiri kikao kijacho.

Watu wa fomu tunayo hoja yetu, nisiifiche. Makala inahesabika, inapita mikononi mwa wataalamu wasiomjua mwandishi, na kwa hiyo inapunguza upendeleo. Turbini ya rafiki yangu itapimwa na nani? Akitumwa rafiki yake atasema ni nzuri, akitumwa adui yake atasema ni chuma chakavu, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Lakini ugumu huo una dawa, na dawa yenyewe tunaijua tangu 1968: wahandisi kupimwa na wahandisi. Bodi inayoweza kumkagua mhitimu kabla ya kumsajili inaweza pia kutuma wahandisi watatu wa nje ya chuo wakaiwashe turbini, wakawahoji waliofundishwa juu yake, wakaandika kurasa mbili. Gharama yake haizidi posho ya semina moja. Nimeliandika pendekezo hilo kazini, kwa taratibu zinazopaswa, na faili lingali linazunguka.

Kwa upande wa shule yetu nina ombi dogo zaidi, ambalo nimemkabidhi Katibu wa Chama ili lijadiliwe Jumamosi mchana, kabla ya mechi. Chama chetu hutoa kikombe kwa mwanafunzi wa kwanza katika sayansi, na hakuna anayetaka kiondolewe. Ninaomba kiwepo na cha pili, kwa mwalimu au mfanyakazi wa shule aliyewasaidia wanafunzi kutengeneza kitu kinachofanya kazi, na kwamba kabla ya kukitoa, wahandisi waliomo ndani ya chama chetu waje wakakijaribu kitu chenyewe. Wapo wa kutosha. Nimehesabu kumi na mmoja kwenye orodha ya mwaka huu.

Nikiruhusiwa kutaja wa kwanza, ningemtaja fundi wa maabara wa miaka yetu, mzee wa koti la kaki, ambaye alitutengenezea mizani kwa waya na vifuniko vya kopo tulipokosa mizani. Katika makala ile ya 1969 yapo majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Fundi aliyeyaweka maji kwenye jokofu ametajwa kwa kazi yake tu. Mzee wetu alistaafu zamani na anaishi hatua chache kutoka lango la shule. Anayefika mapema Jumamosi anaweza kumpitia. Hupenda wageni kabla ya saa nne, jua halijawa kali.